Udongo wa Mndimu

Ushma alichomeka kidole kwenye udongo wa mndimu wangu, akakitoa, akakinusa, akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Dada, hii mti inaoza," akasema. "Inaoza huko chini kwa mizizi. Umekuwa ukiipa maji hii baridi yote?"

"Kila asubuhi," nikamjibu. "Kwani wewe hunywi maji wakati wa baridi?"

Hakucheka. Ushma ni jirani yangu wa chini, Mhindi aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake ni cha huko huko, kila kitu kwake ni "hii". Mie ni mtu wa Wete, Pemba, na masikio yangu yameshazoea. Tunakaa jengo moja hapa Tooting, Londoni, tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Roshani yake imejaa pilipili, bilingani, na majani ya mchuzi ambayo nusu ya jengo huenda kumwomba. Ushma akisema mmea unakufa, huna haja ya kumwita mtu wa pili.

"Hii udongo umebadilisha lini mara ya mwisho?"

Hapo nikajitia kupangusa ukingo wa chungu. Jibu lilikuwa kwamba haujapata kubadilishwa, na sababu yake sikutaka kumwambia.

Wewe nitakwambia, nisikuweke roho juu bure. Marehemu mama alikuja kutoka Pemba kunilea uzazi mimba ya binti yangu Zahra ilipoingia mwezi wa saba, na mkobani alikuwa na ndimu, maana alisikia huku hakuna ndimu za maana. Mbegu moja akaifukia kwenye kikopo cha mtindi, akakiweka dirishani juu ya hita, ikaota. Zahra akazaliwa. Kitovu chake kilipodondoka nikamwuliza mama tukizike wapi, kwani kwetu kitovu cha mtoto hakitupwi. Kinazikwa, na pale kilipozikwa ndipo kwenu, hata ukaishi mwisho wa dunia. Changu kiko Wete, nyuma ya jiko la bibi yangu. Mama akachungulia dirishani, akauona uwanja wa kaunsili, halmashauri yenye jengo letu, umelowa chapachapa na mbwa wa mtu anajisaidia. Akasema, "Hapa hatuziki kitu cha mtoto. Ukikizika hapa, atakuwa wa hapa. Kitie kwenye kitu kinachobebeka. Siku mkirudi, mrudi nacho."

Tukakitia kwenye kile kikopo, pembeni ya mche.

Tulikuwa turudi baada ya miaka mitatu. Ikawa mwakani, na mwakani, na mwakani. Mume wangu Mansour alianza nyumba Wete, ikafika kwenye linta, juu ya milango tu, ikakaa hapo hapo mpaka leo inaota majani. Mndimu ukakua. Kila ulipobanwa niliuhamishia chungu kikubwa zaidi, mti mzima na udongo wake wote, nikiongeza mpya pembeni tu. Hata konzi moja sikumwaga. Zahra ana miaka thelathini na moja na mti wake nao vivyo hivyo, na hakuwa akijua neno.

Na sasa haukuwa wakati wa kumwambia. Zahra alikuwa na mimba ya miezi minane, amekuja kwangu kujifungua kama ada yetu kwa mtoto wa kwanza, mumewe Rajab anakuja na kurudi kwao Croydon baada ya kazi. Kabla ya hii, mimba moja ilimharibikia. Na safari hii presha ilikuwa inapanda. Mkunga alituambia apumzike, asinyanyue kitu, asiudhiwe. Wiki ile ile presha ilipoanza kupanda, mndimu ukaanza kupukutisha majani. Unaweza kuniambia ni mambo mawili mbalimbali. Mie niliokota majani yale kila asubuhi kabla hajaamka, nikayaficha kwenye mfuko wa mkate.

"Leo au basi," Ushma akasema. Akanionesha kwa ukucha vijicho vidogo kwenye tawi, vimeanza kuvimba. "Unaona? Hii ni mwisho ya Februari. Mti inataka kuamka. Ikiamka na hizi mizizi, itakufa ikijaribu. Tuitoe, tukate mbovu, tuipe udongo mpya."

"Tuuhamishe na udongo wake."

"Hapana, Mwanabaraka. Hii udongo ndio inaiua. Imeshikana, haipitishi maji, imeoza. Itoke yote."

Nikajikaza. Nikamwambia haya, itoke, lakini haitupwi.

Tukauburuta mti mpaka chooni, tukaulaza ndani ya beseni la kuogea. Ushma alipitisha kisu cha mkate ukutani mwa chungu akazunguka chote, mie nikashika shina, yeye akavuta. Ukatoka kwa kishindo, donge zima lina umbo la chungu, mizizi imejizungushia nje kama uzi kwenye kibiringo. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mtaro.

Nikatia mfuko mweusi wa taka ndani ya mwingine. "Kila kitu kiingie humu," nikasema. "Hata punje."

"Ya nini?"

"Yangu mwenyewe."

Ushma hakuuliza tena. Ana adabu zake.

Tulilibomoa lile donge kwa vidole. Kila konzi niliifinyafinya kabla ya kuitia mfukoni. Natafuta nini, hata mwenyewe sijui. Kitovu kilishakuwa udongo zamani sana. Akili yangu ilijua hivyo lakini vidole havikukubali. Ushma alipofungua maji ya vuguvugu kuosha mizizi, nikaziba tundu la maji kwa kitambaa, na tope lililobaki chini nikalichota kwa kikombe nikalimimina mfukoni. Yeye akakata. Mizizi myeusi ilikuwa inatoka maganda mkononi kama kunde zilizolala majini. Akakata, akakata, nikaona hatasita.

"Bakisha basi."

"Mbovu haibakishwi." Akanionesha michache, myeupe, haifiki kujaza ngumi. "Hii ndio iko hai."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo. Mlango ukafunguliwa, Zahra huyo, gauni la kulalia limemkaa juu ya tumbo, mkono puani. Zahra huongea nami kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini tangu aanze skuli hanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, kimekufa nini humu?"

"Hakijafa kitu. Rudi ukalale."

Akautazama mfuko. "Hilo tope linakwenda wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Chumbani? Mama, lina ukungu. Lina vijidudu, nimeviona vinaruka. Mkunga aliniambia nisikae karibu na udongo mchafu, wewe ulikuwepo, uliitikia kwa kichwa. Baada ya mwezi kuna mtoto mchanga humu ndani."

"Usiuguse."

"Kwani huo udongo una nini?"

"Nimesema usiuguse, Zahra. Udongo wangu, nyumba yangu."

Nilisema kwa ukali, ukali wa kumkemea mtoto anayechezea moto. Uso wake ukabadilika. Ushma alinitazama na mikono yake imejaa tope, na niliona anangoja niseme. Nilifungua mdomo. Nikaona mshipa wa shingo ya Zahra unavyopiga, nikamkumbuka mkunga, nikaufunga. Zahra akaondoka, mlango wa chumba chake ukajibamiza.

"Tatizo ingine," Ushma akasema polepole. "Mizizi imebaki kidogo. Hiki chungu sasa ni kubwa, itashika maji, itaoza tena. Mimi nina moja ndogo nyumbani, ya udongo, iko na matundu mazuri. Na kokoto. Lakini mgongo wangu hauwezi kubeba."

Tukaifunga mizizi kwa gazeti lililoloweshwa, tukashuka kwake. Haikuchukua muda. Alikuwa na gunia la udongo mpya, kokoto ndogondogo na magome ya miti ya kuchanganya, nikabeba gunia begani, chungu nimekikumbatia, nikapanda ngazi nahema.

Chooni mfuko haukuwepo.

Nikaita. Chumbani hakuna mtu. Kandambili zake hazipo mlangoni. Nikatoka barazani, taa ya lifti ilikuwa inashuka, na sakafuni kuna mchirizi wa tope kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye lifti. Mfuko ule hata mie niliuburuta kwa shida. Mtoto wangu, mimba ya miezi minane, kauburuta peke yake.

Nilishuka ngazi ghorofa tatu sijui kama nilizikanyaga. Nilikuwa nasema ya Rabi, ya Rabi, na nikikwambia nilikuwa naomba kwa ajili ya nini hasa nitakuwa naongopa, kwani mtoto na udongo vilikuwa vimeshachanganyika kichwani.

Nje kulikuwa na manyunyu. Kwenye mapipa ya taka pana ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta kuna kitalu chembamba cha mawaridi ya kaunsili, wakati ule yamepogolewa yamebaki vijiti. Mfuko ulikuwa umepasuka juu ya saruji na udongo wote umemwagika, mweusi, unaloa. Zahra alikuwa amekaa juu ya ukuta, ameinama, mikono miwili imeshika tumbo.

Niliviona vyote viwili kwa pamoja. Na miguu yangu ikaenda kwenye udongo.

Nikapiga magoti. Nikaukusanya kwa viganja, nikaurudisha mfukoni ukatokea upande wa pili, nikavua mtandio nikautandaza, nikautia humo. Mvua ilikuwa inauchukua. Kulikuwa na mkondo mwembamba mweusi unakwenda kwenye tundu la mtaro na mie nikauzuia kwa mkono, nalia kichwa wazi mbele ya mapipa, nasema sijui maneno gani.

"Mama."

Sikuinua uso.

"Mama. Mimi niko hapa."

Kwa Kiswahili. Ndicho kilichonifanya nimtazame. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na nywele zimemganda usoni kwa mvua, na alinitazama kama mtu aliyeachwa kituoni. "Tumbo linabana," akasema. "Linabana halafu linaachia. Mama, naogopa."

Nikauachia mtandio na vilivyokuwemo. Nilimfikia, nikamkumbatia, mikono yangu ya tope ikamchafua gauni lote, naye akanishika kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kitu kama kile sijapata kukihisi. Aibu, na hofu, na mapenzi, vyote mara moja. Nikamwita Ushma kwa sauti iliyofanya madirisha yafunguliwe. Akashuka na funguo za gari tayari mkononi, mgongo wake na yote.

Hospitali walimvalisha mkanda wa mashine tumboni. Mpaka tusikie kitu, nilikuwa nimeshazeeka. Kisha ukaanza, moyo wa mtoto, unakwenda mbio kama cherehani ya fundi siku ya mkesha wa Idi. Muuguzi akasema mtoto hana neno. Presha ya mama ndiyo imepanda, na lile tumbo ni la kunyanyua kitu kizito. Watamweka walitazame mpaka litulie. Rajab alikuwa njiani. Tukabaki sisi wawili na ile sauti.

"Niambie," Zahra akasema. "Na usiseme presha."

Nikamwambia. Kikopo cha mtindi, bibi yake, dirisha, mbwa, vyungu vyote. Nilimwambia kuhusu majani niliyokuwa nikiyaficha. Alisikiliza amefumba macho nikadhani amelala.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "ulikuwa unanimwagilia maji mimi?"

"Na maji ya kuoshea mchele. Yana nguvu."

"Na ya samaki?"

"Ya samaki pia."

Akacheka mpaka mkanda ukateleza na muuguzi akaja kuutengeneza. Kisha akalia. "Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Nilitaka nikwambie huko. Siku tukirudi, tunazika, nakwambia."

"Mama, huko ni wapi? Mimi nimekwenda huko mara mbili, na mara zote mbili nikapata malaria." Akanifuta tope shavuni kwa kona ya shuka. "Na leo ulikwenda kwenye udongo."

"Nilikwenda."

"Nilikuwa nimekaa pale pale."

Nilimshika mkono, na yeye hakuutoa, na hilo nililishukuru.

Tumbo lilitulia usiku ule. Niliporudi nyumbani kesho yake nilichukua ndoo, nikashuka moja kwa moja kwenye mapipa. Saruji ilikuwa imefagiliwa safi. Msafishaji wa jengo alikuwa ameupakia udongo kwa koleo akaumwaga kwenye kitalu cha mawaridi, akausawazisha vizuri kabisa, na mvua imeushindilia. Niliinama. Nikachota hapa, nikachota pale, mweusi na mweusi, wa Zahra upi na wa kaunsili upi. Mama yangu alikataa ardhi ile kwa mdomo wake, na mtoto kaingia humo kwa koleo la mtu asiyejua lolote. Niliumia, sitakuficha. Nilisimama na ndoo tupu mpaka mtu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Juu, Ushma alikuwa ameshamaliza kazi. Alirudi jana ile ile kutoka hospitali, akaupanda mndimu kwenye kile chungu kidogo, kokoto chini, udongo mpya uliochanganywa, na matawi kayapunguza mpaka mti ukawa kama kijiti cha kufukuzia kuku. Kauweka mbali na hita, karibu na mwanga.

"Nimeipa maji kidogo, basi," akasema. "Sasa usiipe. Mwanabaraka, unanisikia? Udongo ikauke juu kwanza. Hata ikikuangalia, usiipe."

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kumkatia mtu mizizi ni sekunde, lakini kukaa na kikombe cha maji mkononi, mti uko mbele yako mkavu, na usimwage, jaribu uone. Kila asubuhi nilichomeka kidole. Kila asubuhi nilirudisha kikombe jikoni, namtukana Ushma kimoyomoyo.

Zahra alijifungua mwezi wa tatu, msichana, tukamwita Miska. Alitoka na sauti ya marehemu mama yangu. Wiki ile nilipokuwa namkanda Zahra kwa maji moto, niliona kwenye mndimu nukta za kijani, ndogo kama kichwa cha pini, tatu au nne. Sikumwambia mtu. Niliziangalia tu na kikombe changu cha maji, na safari hii kidole kilitoka kikavu, nikamwaga.

Kitovu cha Miska kilidondoka asubuhi, ndani ya nepi. Zahra akakifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Mie nilishatayarisha. Nilikuwa nimeshika kijiko, nimeshafanya kijishimo pembeni ya mndimu, ndani ya udongo ule mpya, na maneno ya mama yangu yalikuwa yamo masikioni kama jana.

Zahra akakitazama kile kijishimo. "Si humo, Mama."

"Basi wapi?"

"Na mimi. Nilipo mimi, kule kwenye mawaridi."

Nilitaka kubishana. Mdomo ulishajaa: ni ardhi ya watu, ni mapipa ya taka, wataibomoa kesho wajenge. Nikamtazama na mtoto begani, na nikamkumbuka juu ya ule ukuta, mvua inamnyeshea na mie nimempa mgongo. Nikachukua sepetu.

Tulishuka kwa lifti sisi watatu. Jua lilikuwa la Londoni, linaangaza bila kupasha moto. Mawaridi yalishaanza kutoa majani mekundumekundu. Nikapiga magoti tena mahali pale pale, nikachimba kwa kina cha kiwiko, mbwa asifikie, udongo baridi ukaniingia kuchani. Mansour, aliyetufuata kwa ngazi, alisimama pembeni, akauliza kwa dhihaka yake siku ya kurudi tutakibebaje kitalu cha kaunsili. Hakuna aliyemjibu, na mwenyewe akaangalia chini. Nikasoma nilichosoma. Zahra akanipa kitambaa, nikakilaza, nikafukia kwa viganja.

"Mama," akasema juu yangu. "Na wewe? Siku ikifika, wewe utazikwa wapi?"

Miaka yote jibu lilikuwa Wete. Hata hujamaliza kuuliza nimeshasema Wete. Nilishindilia udongo kwa ngumi, polepole, nikingoja litoke, na lilikuwa pale pale mdomoni na halitoki. Miska alipiga chafya. Mndimu wangu uko juu dirishani, nikawaza, ndani ya udongo usio wa mtu, unachipua.

"Nipe mkono nisimame," nikamwambia. "Magoti yamekufa ganzi."